Samaki ni Halali, Sumu ni Haramu

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa njema zote ni za Mwenyiezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na Aali zake na Sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Enyi ndugu zangu Waislamu! Wako wasemao, "Samaki ni halali hata akiwa mfu, basi mimi nauza halali." Neno hili nusu yake ni kweli, na nusu yake yaangamiza.

Ni kweli kuwa kwa Madhehebu yetu ya Shafi samaki wa bahari na wa maziwa ni halali pasina kuchinjwa. Lakini Wanazuoni wa Madhehebu haya haya wameharimisha kula kila chenye kudhuru mwili, na sumu wameitaja kwa jina lake. Basi samaki aliyeuawa kwa sumu, uhalali wa jinsi yake hauondoi uharamu wa dhara yake.

Wala hili si jambo la kudhania. Katika Ziwa Victoria walikuwako wavuvi waliomwaga majini dawa za kuulia wadudu wa mashamba, ili samaki wafe waelee, wawazoe pasina taabu ya nyavu. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ukakataa samaki wa ziwa hilo kutoka Kenya, Uganda na Tanzania. Wakakosa chumo hata wale ambao hawakumwaga tone moja. Mlango haukuanza kufunguliwa ila mwaka 2000.

Tazameni basi! Watu wa Ulaya walilindwa na wakubwa wao. Na maskini aliyenunua fungu lake gulioni, ni nani aliyemlinda? Dawa hizo hudhuru mishipa ya fahamu, wala mtu asidanganyike kuwa moto na ndimu vyatosha kuziondoa.

Mtume (s.a.w.) alipita sokoni, akatia mkono katika chungu ya chakula, vidole vikapata majimaji. Mwenyewe akasema kimepatwa na mvua. Mtume akamlaumu kwa kutokiweka juu watu wakakiona, akawatenga wadanganyifu na umati wake. Ikiwa maji ya mvua yamefika hapo, je, sumu?

Basi mvuvi na amche Mungu, asitie sumu majini. Mchuuzi akijua asiuze wala asinyamaze, kwani mwenye kuficha ni mshirika. Na mnunuzi asivutwe na urahisi wa bei, bali aulize samaki amevuliwaje.

Ewe Mola wetu, turuzuku halali iliyo njema, utuepushe na chumo lenye kuwadhuru waja wako. Amin.