Nipe Mji

Nchi hii haina bahari. Nchi hii ina mfalme. Hakuna hata kipande cha ardhi yake kilicho chini ya meta 1,000 kutoka usawa wa bahari. Nchi hii imezungukwa pande zote na nchi moja tu. Kufikia dokezo la nne, hata aliyekuwa akisinzia kipindi cha jiografia atasema: Lesotho! Ndivyo chemsha bongo ya nchi inavyochezwa. Dokezo la kwanza ni la kuwatambia wenzako, la mwisho ni la huruma. Anayejibu mapema anazoa pointi, anayengoja mpaka mwisho anaambulia moja na kuchekwa juu yake.

Naupenda mchezo huu. Wako wanaoubeza wakisema kukariri miji mikuu na bendera si elimu, na wana haki yao. Lakini sijapata kumwona mtu aliyejali yanayowapata watu wa Burkina Faso kabla hajajua kwamba nchi hiyo ipo. Mahali pa kuanzia lazima pawepo, na pa kuanzia pakiwa na vicheko, kuna ubaya gani?

Mashaka yangu yalianza Johannesburg. Kwingine majibu ya chemsha bongo yamelala kwenye atlasi, hapa yanatembea. Ukishuka Rockey Street, kule Yeoville, Wakongomani wanauza sombe, yaani kisamvu, na samaki wa chumvi. Mayfair, Barabara ya Nane, ni Wasomali, chai ya maziwa na mabishano yasiyokwisha. Mtaa uliokuwa ukiitwa Jeppe, katikati ya jiji, Wahabeshi wamejaza nguo kwenye maghorofa yaliyowahi kuwa ya madaktari, na harufu ya kahawa inakukuta ngazini. Mtu akitaka kujua mji mkuu wa Eritrea, hahitaji kitabu. Anahitaji adabu ya kusalimia tu.

Hata hivyo, waulize vijana wa mji huu, kama wa Dar es Salaam au Nairobi, mnara wa Eiffel uko wapi. Watajibu kabla hujamaliza. Kisha uliza: nchi gani inazalisha umeme katika bwawa la Cahora Bassa, mtoni Zambezi, na kuusafirisha kwa nyaya zaidi ya kilomita 1,400 mpaka kituo cha Apollo, kilicho kati ya Johannesburg na Pretoria? Kimya. Ni Msumbiji. Uliza tena: maji unayooga asubuhi, mbali na yale ya mvua ya hapa hapa, yanatoka nchi gani? Ni Lesotho ileile ya dokezo la nne. Mkataba ulitiwa saini 1986, na kuanzia 1998 maji ya bwawa la Katse yakaanza kuteremka kwenye mahandaki yaliyotobolewa milimani hadi kwenye mito inayounywesha mkoa wa Gauteng. Kwa hiyo mtu anaweza kuoga maji ya nchi moja, akachemsha chai kwa umeme wa nchi nyingine, kisha akatoka nje na kulalamika kwamba wageni wamezidi.

Na hayo ni ya juzi. Dhahabu ilipogunduliwa 1886, mji huu ulihitaji mikono mingi kuliko ulivyoweza kuzaa. Wenela, kama vibarua wa migodini walivyokiita chama cha kuwaandikisha, kilikwenda kuwatafuta Msumbiji, Nyasaland, hata nyanda za juu za kusini mwa Tanganyika. Hugh Masekela alipotunga “Stimela” aliorodhesha moja moja nchi ambazo treni ilizipitia ikizoa wanaume wa kwenda kuchimba. Ukiondoa tarumbeta, umebaki na orodha ambayo mtoto wa shule angeweza kuhojiwa. Sijui kwa nini walimu hawaitumii.

Lakini Johannesburg inafundisha jambo jingine, baya zaidi ya kutojua: kwamba jibu sahihi linaweza kuwa uongo. Chukua mwaka 1982. Kwenye ramani rasmi za serikali ya Pretoria, ndani ya mipaka ya Afrika Kusini kulikuwa na “nchi huru” nne zaidi: Transkei tangu 1976, Bophuthatswana tangu 1977, Venda tangu 1979 na Ciskei tangu 1981. Zilikuwa na bendera, stempu, marais na miji mikuu. Umtata, Mmabatho, Thohoyandou, Bisho: yote unaweza kuyakariri, na mtahini wa serikali ile angekupa vema. Dunia nzima haikuzitambua. Zilitambuliwa na Pretoria iliyozizaa, na zenyewe kwa zenyewe. Bophuthatswana ilikuwa vipande vipande vilivyotapakaa, kiasi kwamba mtu angeweza kutoka “nchini” na kurudi mara kadhaa kabla ya chakula cha mchana.

Ingekuwa kichekesho isingekuwa na meno. Chini ya sheria ya 1970, kila Mwafrika alihesabiwa kuwa raia wa mojawapo ya maeneo hayo, hata kama hajawahi kuyatia machoni. Eneo lilipotangazwa “huru”, raia wake wakapoteza uraia wa Afrika Kusini. Mama aliyezaliwa Soweto, akalelewa Soweto, akazalia Soweto, aliamka siku moja ya Oktoba 1976 akiwa mgeni jikoni kwake, kwa sababu lugha ya babu yake ni Kixhosa. Ramani ilimhoji, na jibu lake halikuhitajika. “Nchi” hizo zilifutika rasmi Aprili 1994, na majibu yote yaliyokaririwa yakaenda nazo.

Kisha ikaja Mei 2008. Ghasia dhidi ya wageni zilianza Alexandra, usiku wa tarehe 11, zikasambaa miji mingine. Waliouawa ni 62. Miongoni mwa mbinu za makundi yale ilikuwa kumsimamisha mtu njiani na kumtaka ataje kiwiko cha mkono kwa Kizulu. Ni chemsha bongo ya swali moja, bila dokezo la pili wala la huruma. Nchi ilikuwa na lugha rasmi 11 wakati ule. Mtahini alichagua moja. Mvenda au Mtsonga wa Limpopo, raia kwa damu na kwa karatasi, angeweza kukosa jibu sawasawa na mtu wa Maputo. Na katika wale 62, watu 21 walikuwa raia wa Afrika Kusini.

Wasomaji wa Biblia watakuwa wameshakumbuka Waamuzi sura ya 12, pale kwenye vivuko vya Yordani, ambapo neno moja lilitenganisha wa kuvuka na wa kuchinjwa. Simulizi hiyo ni ya kale sana, lakini umbo la swali halijabadilika. Linaulizwa kwa sauti ya kawaida, kama la darasani. Tofauti iko kwenye kile kinachofuata mtu akisema, “Sijui.”

Hapo ndipo nilipoanza kuyatazama upya mambo tuliyolelewa nayo bila kuyafikiria. Sisi tuna mtihani wetu wa jioni. “Kitendawili!” “Tega!” Fumbo linatolewa, watoto wanakisia, wanakosea, wanacheka, mpaka wanasalimu amri. Mteguaji akikosekana, mtegaji anadai: “Nipe mji.” Wanampa Mombasa. Anaukataa, hautaki, ana ndugu wabaya huko. Wanampa Unguja. Anaukubali, anasafiri kwa maneno mpaka huko, anakaribishwa, anakula pilau na kunywa togwa, halafu ndipo anawarudishia jibu. Asiyejua hapotezi chochote chake: anatoa mji ambao si mali yake, na anaondoka na jibu alilokuwa hana. Mtegaji naye hana ruhusa ya kufumba jibu akishapewa mji. Akifanya hivyo amevunja mchezo, na kesho hakuna wa kumwitikia “tega”.

Nikipima, naona waliotunga kanuni hiyo walikuwa na busara kuliko sisi wenye televisheni. Walijua kuwa anayeuliza ana nguvu, na nguvu hiyo ikiachwa wazi italewa. Kwa hiyo wakamfunga kwa deni: ukinifanya nikiri ujinga wangu, una wajibu wa kuuondoa. Mtahini wa Alexandra hakuwa na deni hilo. Afisa wa ramani za 1976 hakuwa nalo. Na niseme ukweli, mwendesha chemsha bongo wa redioni anayemkatia simu msikilizaji kwa kengele ya dhihaka naye hana, ingawa sitamweka kapu moja na hao wawili.

Yeoville kuna nyumba ya familia ya Lubumbashi ambako Waswahili wa kila aina hukutana baadhi ya Jumapili, na watoto hulazimisha mchezo wa nchi. Hapo kanuni ya mji ndiyo inayotumika. Mara moja mwenye nyumba aliuliza nchi gani inapakana na nyingine tisa.

“Congo!” mwanawe akarukia.

“Zitaje basi.”

Akataja saba, akakwama. Baba yake akamwonea huruma: “Na ng’ambo ya ziwa, Papa?”

“Tanzania!” Ya nane hiyo, nchi hizo mbili mpaka wao uko majini, katikati ya Ziwa Tanganyika. Ya tisa, Jamhuri ya Afrika ya Kati, ikamshinda kila mtu mle ndani, wakubwa kwa wadogo.

Zamu yangu ilipofika niliuliza: ni nchi gani ina kampasi ya chuo kikuu yenye jina la kijana aliyekamatwa hapa hapa Johannesburg, Mtaa wa Goch? Hakuna aliyejua, ingawa nusu yao hupita jirani na mtaa huo kila wiki. Nikadai mji. Yule mtoto aliyetaja nchi saba, mzaliwa wa Johannesburg, akanipa Lubumbashi, mji ambao hajauona. Nikaupokea, nikala bukari, ugali wa kwao, nikarudi na jibu.

Kijana ni Solomon Mahlangu, wa Mamelodi. Alikamatwa Juni 1977 baada ya mapambano ya risasi pale Goch, akanyongwa Pretoria tarehe 6 Aprili 1979, akiwa na miaka 22, ilhali si yeye aliyefyatua risasi zilizoua. Wakati huo Tanzania ilikuwa imekwishawapa wapigania uhuru wa ANC shamba la zamani la mkonge huko Mazimbu, Morogoro. Shule waliyoijenga hapo ikapewa jina lake. Mwaka 1992 ANC waliikabidhi kwa serikali ya Tanzania, na leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Wapo Waafrika Kusini waliozaliwa Mazimbu na waliozikwa Mazimbu. Ukimhoji mmoja wa waliosoma pale habari za Tanzania, hatakutajia Mlima Kilimanjaro kwanza. Atakutajia joto la Morogoro, ugali, na jirani aliyemfundisha Kiswahili bila kumtaka athibitishe chochote.

Mama mwenye nyumba naye akatega cha kwake: nchi gani tatu leo zinatumia wimbo mmoja katika nyimbo zao za taifa, wimbo wa mwalimu aliyezikwa Braamfontein? Tanzania na Afrika Kusini zilipatikana upesi, Zambia ikapatikana kwa taabu. Enoch Sontonga aliutunga 1897, akafa 1905, na kaburi lake likapotea kwa miongo mingi hadi lilipopatikana na kutangazwa kumbukumbu ya taifa 1996. Jambo ambalo watoto hawakuliamini ni kwamba hata Transkei ile ya uongo iliufanya wimbo huohuo kuwa wa taifa lake.

Si kila mtu alifurahia mchezo wetu. Mwalimu mmoja mstaafu wa Bukavu, mtu ninayemheshimu, alisema tunawadekeza watoto. Kwake yeye, jibu lisilouma halikai kichwani. “Mimi nilikosa mji mkuu wa Burundi nikiwa darasa la nne,” akasema, “nikala fimbo tano. Mpaka kesho sisahau: Bujumbura.”

“Ni Gitega, Babu,” akasema binti wa jirani, kwa upole wote.

Mzee akamtazama. Binti akaongeza kwamba Burundi ilihamisha mji mkuu wa kisiasa 2019, kwamba Bujumbura imebaki na biashara. Wenzake wakaanza kupiga meza: mji, mji, mji. Mwalimu akakataa katakata kutoa mji wowote, kwa hoja kwamba siku ile ya fimbo jibu lilikuwa Bujumbura, na mtu halipi deni la jibu lililobadilishwa na bunge akiwa amekwishastaafu. Binti akasema basi na fimbo zile zirudishwe. Sombe ilipoletwa mezani walikuwa bado wanabishana, na mwenye nyumba amekwenda upande wa mzee.