Je, Kizuri Chajiuza?

Wahenga wametuachia msemo ambao kila mtoto wa pwani ameusikia: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa miaka mingi niliutumia bila ya kuuhoji. Kujiuza ni kumwita mnunuzi. Basi msemo unatufundisha kwamba uzuri ni wito, na kwamba aliyeuona ameshaalikwa aje auchukue. Ushairi wetu wa mapenzi nao, kwa sehemu kubwa, umesimama juu ya dhana hiyohiyo. Ua huonwa ili lichumwe, tunda hutazamwa ili liliwe, lulu husifiwa ili ipigiwe mbizi. Katika insha hii nataka kuuliza kama jambo hili ni kweli. Aliyenifanya niulize ni mnyama wa mwambani ambaye mwili wake haufiki urefu wa kidole changu cha shahada.

Ilikuwa siku ya bamvua, miaka kadhaa iliyopita, na maji yamekupwa hadi karibu na ukingo wa mwamba. Kina mama walikuwa wametangulia na vijiti vyao vya kuchokolea pweza. Mimi nilifuatana na mpwa wangu, kijana anayewapeleka wageni kupiga mbizi, ambaye kwa kukaa nao amejifunza kupiga picha chini ya maji. Ndani ya kidimbwi kisichofika magotini alinionesha kiumbe niliyekuwa nikimpita tangu utoto bila ya kumwona: mwili wa buluu, ukingo wa manjano mfano wa darizi ya kofia, pembe mbili kichwani, na mgongoni matamvua yaliyokunjuka kama kikuba cha asumini.

"Huyu ni koa, Mjomba," akaniambia. "Koa wa bahari."

Koa niliyemjua mimi ni yule wa bustanini, anayeacha ute juu ya majani ya mchicha. Nilitaka kumwona huyu kwa ukaribu zaidi. Mpwa wangu alikuwa akifuta kioo cha kamera yake. Kabla hajageuka, nilikwisha kumchota mnyama yule na kumweka katika sahani nyeupe ya bati tuliyochukulia chakula. Nje ya maji matamvua yakalala, pembe zikaingia ndani, na mwili wote ukawa tonge la ute lisilo umbo. Nami nikaendelea kumgeuza kwa ncha ya kidole, nikitafuta ule uzuri umekwenda wapi.

"Ungemwacha palepale, Mjomba," akasema, kwa sauti ya adabu iliyoniuma kuliko lau angenikemea. Tulimrudisha majini. Hakukunjuka tena.

Usiku ule nilitunga shairi la kumsifu. Nilitaja buluu yake na manjano yake, nikamfananisha na bibi harusi. Shairi lile lilipendwa, likasomwa katika hafla zaidi ya moja, na watu wakanipa mkono. Hakuna aliyeniuliza yule bibi harusi yuko wapi.

Baada ya hapo nilianza kusoma habari za mnyama huyu, kamusi mkononi, kama nilivyojifunza kila kidogo ninachokijua. Wataalamu wameliita kundi lake kwa jina lililoungwa na Kilatini na Kiyunani, maana yake matamvua uchi. Aina zake zinazojulikana zinakadiriwa kufika 3,000. Hana gamba la kujikinga. Wazee wake wa kale walikuwa nalo, nalo likapotea katika kizazi baada ya kizazi. Badala ya gamba ana sumu. Baadhi yao hula sifongo zenye sumu na kuihifadhi sumu hiyo ndani ya ngozi. Wengine hula viumbe wawashao wa ukoo wa konyeza, wakavimeza vile vijimishale vya kuchomea bila ya kudhurika, kisha wakavipanga katika ncha za vinyama vya mgongoni viwe silaha yao wenyewe.

Rangi zile, basi, kwa wengi wao ni onyo. Samaki aliyewahi kuonja koa wa aina hiyo na kutema huikumbuka rangi, na siku nyingine hupita mbali. Tulichokidhania ni nakshi ya kuvutia ni tangazo lisemalo: usiniguse. Na kuna jambo jingine lililonishangaza zaidi. Macho ya koa huyu ni vidoa viwili vidogo vinavyotambua mwanga na giza, wala hayana uwezo wa kuona umbo. Mwenzake humpata kwa harufu, kwa zile pembe mbili, na kwa kufuata njia ya ute. Kila mmoja wao ni jike na dume kwa pamoja. Ameishi maisha yake yote, ambayo kwa aina nyingi hayazidi mwaka mmoja, amevaa buluu ambayo hajapata kuiona.

Hapa msemo wa wahenga unapata mtihani. Kizuri hiki hakijiuzi. Hakimwiti mnunuzi, na mwenyewe hajui kwamba ni kizuri. Sisi ndio tuliokisikia kikiita, na pengine tulichokisikia ni sauti ya tamaa yetu wenyewe.

Yupo mtu katika historia ya visiwa na pwani yetu aliyewatazama wanyama hawa kwa bidii kubwa. Sir Charles Eliot alikuwa Kamishna wa Mwingereza katika Himaya ya Afrika Mashariki tangu 1900 hadi 1904, na pia mwakilishi wa taifa lake Unguja. Alikuwa mjuzi wa lugha nyingi, na saa zake za faragha alizitoa kwa koa wa bahari. Kuanzia 1902 alichapisha London mfululizo wa makala juu ya koa wa Unguja na Afrika Mashariki. Wengi wao walikusanywa na Cyril Crossland, mtaalamu aliyezichunguza bahari zetu mwaka 1901 na 1902. Mmoja wao, mwenye rangi ya mwani, Eliot alimwita Crosslandia viridis, yaani wa Crossland, wa kijani.

Lakini koa akitiwa katika chupa ya spiriti rangi yake huondoka. Mtaalamu wa siku zile mara nyingi alibaki na mwili mweupe uliojikunyata, na karatasi iliyoandikwa na aliyemwona hai kwamba hapa palikuwa na buluu, pale palikuwa na manjano. Nilipoyasoma hayo niliikumbuka sahani yangu ya bati.

Na bwana huyu mwenye subira ya kuhesabu meno ya koa chini ya darubini ndiye aliyeshika bendera ya kuwapa walowezi wa Kizungu ardhi ya nyanda za juu za Kenya. Mwaka 1904 alijiuzulu baada ya kugombana na wakubwa wake wa London, waliomzuia kutoa maeneo makubwa katika Bonde la Ufa, machungani mwa Wamasai. Mwaka huohuo, yeye akiwa ameshaondoka, Wamasai walitilishwa mkataba uliowatoa katika sehemu kubwa ya bonde hilo. Jicho lililoweza kuona tofauti ya matundu na nundu katika mgongo wa mnyama wa inchi moja, liliwatazama watu na ng'ombe wao likaona ardhi ya kugawa.

Simtaji ili nimhukumu marehemu. Namtaja kwa sababu kisa chake kinavunja faraja moja tunayojipa sisi tunaopenda sanaa na elimu, kwamba mtu anayejua kutazama vizuri lazima awe mwema. Kutazama peke yake hakutoshi. Koa hakuwa na kitu ambacho Eliot alikihitaji, ndiyo maana aliweza kumwona. Bonde alilitaka, na mwenye kutaka huona njia ya kukifikia anachokitaka. Kilichosimama katikati ya njia hukiita kizuizi, au hakioni kabisa.

Siku hizi picha imechukua nafasi ya chupa. Mpwa wangu ana mamia ya picha za koa, kila moja na tarehe yake, mahali pake na kina chake, na mnyama amebaki alipokuwa. Kwa picha za namna hii, zilizopigwa na watu wasio na shahada yoyote, wataalamu wamepata kujua rangi za hai ambazo chupa haikuwapa, na mara nyingine wametambua aina ambazo hazikuwa zimeandikwa. Hili ni jema.

Hata hivyo kamera nayo ina tamaa zake. Mpwa wangu amenisimulia jinsi wengine wanavyomsukuma koa kwa kijiti akae juu ya tumbawe lenye rangi ya kupendeza. Picha hutoka nzuri, nayo ni ya uongo. Koa wengi hula chakula cha aina moja tu, pengine sifongo mmoja maalumu. Kumtoa pale ni kumtoa mezani pake, na aitazamaye picha hufundishwa makao yasiyo yake. Yeye mwenyewe huwaambia wageni wasubiri. Wengine husubiri, wengine humnunia na kumnyima bakshishi.

Najua yupo atakayesema: na yule mama mwenye kijiti cha pweza, naye asichokoe? La, achokoe. Mwenye njaa ana haki yake, na mimi mwenyewe pweza wa nazi simkatai. Swali langu linahusu kile tusichokihitaji, tulichokipenda tu. Hapo ndipo nadhani tuna deni: kupenda kusiwe hoja ya kuchukua. Anayeona amepewa kuona, hajapewa zaidi. Ama akitaka kuchukua, na aseme anachukua kwa sababu anataka. Asikisingizie kizuri kwamba kilijiuza.

Deni hili ni la mshairi kabla ya kuwa la mpigapicha. Nimekuwa mfasiri kwa muda wa kutosha kujua jinsi ilivyo rahisi kulitoa neno katika maji yake, kuliweka juu ya sahani yangu, kisha kulaumu kwamba halina umbo. Na nimetunga beti ngapi ambamo mwanamke, ua, au kisiwa kizima kimesukumwa kwa kijiti ili kikae panapopendeza vina?

Lile shairi la bibi harusi limeshasambaa, siwezi kulirudisha. Wakiniomba nilisome siku hizi, huwasimulia kwanza habari ya sahani. Mara nyingi baada ya hapo hawaniombi tena.