Hofu Isiyo na Sababu

Je, hofu isiyo na sababu yastahili huruma? Swali hili latukabili kila usiku wa tufani kandokando ya Ziwa Viktoria, ambako ngurumo ni nyingi kupita pande nyingi za dunia. Radi ipigapo, mbwa hutetemeka, huhema, hukimbilia uvunguni. Nyumba ni imara na hatari ni ndogo. Basi bwana wake, ajuaye hayo, humcheka au humkemea.

Hukumu hiyo ina kasoro. Sababu ya hofu yaweza kuwa si kweli, lakini maumivu yake ni kweli. Wahenga walinena kwamba aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Hawakunena kwamba achekwe. Katika hadithi mashuhuri ya Mtume, mtu aliyemtekea mbwa maji kisimani kwa kiatu chake alisamehewa dhambi. Kiu ile ilikuwa na dawa iliyo wazi. Hofu haina kisima. Mtu aogopaye huweza kuelezwa akatulia. Mbwa hawezi kuelezwa kwamba ngurumo ni hewa iliyotanuka ghafla kwa joto la umeme. Hoja pekee tuwezayo kumpa ni kukaa naye.

Wapo wasemao kwamba kumbembeleza ni kumfundisha woga. Lakini hofu si tendo la hiari hata izidi kwa kutunzwa. Kiizidishacho ni kipigo, maana humwongezea mbwa kitu cha pili cha kuogopa. Amtakiaye mema humwacha ajifiche apendapo, hufunga madirisha na mapazia, hukaa karibu naye kwa utulivu. Wakati wa kiangazi humsikilizisha ngurumo zilizonaswa, kwa sauti ndogo mno, huku akimpa chakula akipendacho. Huipandisha sauti kidogo kidogo kwa majuma mengi, na huishusha aonapo dalili ya wasiwasi. Hofu ikipita kiasi, daktari wa wanyama anazo dawa.

Kazi hiyo ni ndefu, na mbwa hatajua kamwe kwamba ilifanywa kwa ajili yake. Hata hivyo, nani kati yetu angependa kuhurumiwa kwa zile hofu tu awezazo kuzithibitisha? Hofu zetu nyingi, mwenye kujua zaidi yetu angeziona ngurumo tupu. Tungemwomba asicheke, tungemwomba akae nasi mpaka mvua ipite.