Kengele ya Mji

Mtu wa kwanza niliyemwinda kwa makusudi katika Age of Empires II alikuwa mwanamke aliyekuwa akichuma matunda. Mimi nilikuwa na farasi watatu wa vita, yeye hakuwa na silaha yoyote. Alipoanguka nikamgeukia aliyekuwa pembeni yake. Upande wa pili wa chumba mwenzangu wa bwenini akasonya, nikajua nimempata pabaya. Tulikuwa tumeunganisha kompyuta nne kwa waya na swichi ya kuazima, saa nane za usiku, na kesho yake kulikuwa na jaribio.

Katika mchezo uliotangulia nisingeweza kumuua mwanamke, kwa sababu hakuwapo. Age of Empires ya mwaka 1997, kazi ya Ensemble Studios ya kule Texas, ilikuwa na wanakijiji wanaume watupu. Toleo la pili lilipotoka 1999, wanawake waliingia. Wakakata miti na kulima sawa na wanaume, na wakafa kwa idadi ileile ya mapigo.

Ukiwauliza wachezaji kwa nini la pili linalishinda la kwanza, watakutajia malango. Zamani uliweza kujenga ukuta lakini hukuweza kuuwekea lango, kwa hiyo ukijizungushia umejifungia mwenyewe. Watakutajia majeshi yanayotembea kwa safu, na kikomo cha watu kilichopanda kutoka 50 hadi 200. Yote ni kweli. Mimi kinachonisumbua ni kengele.

Jengo la katikati ya mji lina kitufe chenye picha ya kengele. Ukikibonyeza, kila mwanakijiji anaacha alichokuwa akifanya na kukimbilia jengo la karibu linaloweza kumhifadhi. Hilo la katikati peke yake linabeba watu 15, na wakishaingia, mishale inaanza kuruka kutoka ndani kumwelekea adui. Hatari ikipita unagonga tena, nao wanarudi kazini. Halafu kuna ufumaji: kwa dhahabu 50 tu, uhai wa kila mwanakijiji unapanda kutoka 25 hadi 40. Nguo hiyo, si ngao. Katika mchezo wa kwanza mkulima aliyevamiwa alikuwa na mawili, akimbie au arudishe pigo kwa alichonacho mkononi, labda awe na bahati ya mnara karibu. Ni wazi kwamba kati ya 1997 na 1999 kuna mtu pale ofisini alikaa akamfikiria mkulima.

Kwa muda mrefu niliyaita hayo maendeleo ya kimaadili. Mchezo wa vita uliojifunza kumlinda asiyepigana ni bora kuliko ule usiomjali. Hoja ilionekana imekwisha. Aliyenivuruga ni yuleyule aliyesonya.

“Mwanangu, unahangaika bure kuua,” aliniambia baada ya kunifunga mara tatu mfululizo. “We zunguka tu. Waache wagonge kengele.”

Fanya hesabu. Wanakijiji 20 wakijificha nusu dakika, mashamba yamelala, mbao hazikatwi, dhahabu haichimbwi, na aliyevamia hajapoteza farasi hata mmoja. Anarudi nyuma hatua chache, wanatoka, anasogea tena. Hajamwaga damu na mji unakufa njaa. Kinga ileile iliyoletwa kwa ajili ya mnyonge ndiyo iliyoifanya hofu yake iwe na thamani kwa adui. Zamani nilipaswa kumuua ili niharibu kazi yake. Sasa inatosha ajue nipo.

Najua jibu la haraka: hizo ni picha, hakuna aliyeumia. Sibishani. Sijawahi kukosa usingizi kwa ajili ya mchuma matunda wa kwenye kioo, na mtu anayedai amekosa ningemtilia shaka. Swali langu ni tunamaanisha nini tunaposema mchezo huu ni “bora.” Sataranji ni mchezo wa vita pia, na ubaoni hamna mkulima hata mmoja; kila kete imekuja kupigana, hata ile ndogo kabisa. Hakuna anayelala njaa kwa sababu farasi ameruka. Huo ni usafi wa ajabu, nami sidhani kama ni wema, ni kwamba wakulima wameachwa nje ya ubao. Age of Empires iliwaingiza. Ya pili ikawapa jinsia, nguo, mahali pa kukimbilia. Ikasema ukweli zaidi kuhusu vita kuliko sataranji ilivyowahi kusema, na kwa kuusema ikanifundisha kuwatisha watu walioko shambani kwa ustadi ambao sikuwa nao. Mambo yote mawili yamo ndani ya kitufe kimoja, na sijapata njia ya kusifu moja bila kulikubali la pili.

Mwaka 2015 yalitoka maongezeo yaitwayo The African Kingdoms, yenye Waethiopia, Wamali, Waberberi na Wareno. Ndani yake mna kampeni ya mchezaji mmoja ambayo unamwongoza Francisco de Almeida. Mtu wa pwani analijua jina hilo, au anapaswa kulijua: Julai 1505 aliiteka Kilwa, na Agosti akaingia Mombasa, mji ukaporwa na kuchomwa moto. Nilikaa nikilitazama jina lake kwenye kioo, mkono juu ya mausi. Wanakijiji wa kwenye mchezo wana kipaji kimoja ambacho watu wa Mombasa hawakuwa nacho. Kengele ya pili ikilia, wanatoka na kuelekea palepale walipokuwa, kwenye shamba lilelile, kama kwamba hapakutokea kitu. Mwenzao amelala chini hatua mbili kutoka kwao, wao wanalima. Toleo la pili liliwapa kila kitu isipokuwa kumbukumbu, na kumbukumbu ingeuharibu mchezo. Nani angecheza na wakulima wanaokataa kutoka?

Bado tunacheza, siku hizi kwa mtandao, kila mtu mji wake. Ijumaa iliyopita niliona vumbi pembeni ya ramani nikagonga kengele. Watu wote wakakimbia wakaingia. Alikuwa kulungu. Niliwaacha ndani kwa muda hata hivyo, sijui kwa nini, na mwenzangu alipoangalia marudio ya mchezo baadaye alicheka sana, akaniambia pale ndipo nilipofungwa.