Ruzuku na Amana

Katika lugha yetu neno ruzuku na neno riziki ni ndugu wa shina moja. Kwa asili, kuruzuku ni kazi ya Mungu: Yeye humpa mja chakula, watoto, pumzi na siku za kuishi, na mja hana haki ya kudai wala uwezo wa kulipa, awezalo ni kushukuru. Neno hili lilipoingia katika ofisi na kuwa jina la fedha ambazo serikali huzitoa kwa shule, halikuacha nyuma harufu yake ya kwanza. Hata leo, mtu akisikia kwamba shule imepata ruzuku, moyo wake huelekea kwenye shukrani kabla ya kuelekea kwenye hesabu. Mtoaji huonekana kuwa yuko juu, na mpokeaji chini.

Yafaa tuulize kama mwelekeo huo una haki panapohusika jambo moja, nalo ni matunzo ya mwanafunzi mwenye huzuni, hofu au fadhaa ya moyo. Fedha ambazo serikali hutenga kwa ajili ya matunzo hayo, au hukosa kutenga, ni hisani au ni deni? Swali hili si la wahasibu peke yao. Hisani ikikosekana tunasikitika. Deni lisipolipwa tuna haki ya kudai.

Mfano wa karibu tunao Arusha. Asubuhi ya tarehe 6 Mei 2017, basi la Shule ya Msingi Lucky Vincent lilitumbukia bondeni wilayani Karatu, likiwa limewachukua wanafunzi wa darasa la saba waliokuwa wakienda kufanya mtihani wa majaribio pamoja na wenzao wa shule nyingine. Wanafunzi zaidi ya 30, walimu wawili na dereva walipoteza maisha. Siku mbili baadaye majeneza yalipangwa katika uwanja wa Sheikh Amri Abeid, na Samia Suluhu Hassan, aliyekuwa Makamu wa Rais wakati ule, akaliongoza taifa katika kuaga. Watoto watatu waliosalimika, miili yao ikiwa na majeraha makubwa, walipelekwa kwa ndege mpaka Sioux City katika jimbo la Iowa, Marekani. Huko walitibiwa, na mwezi Agosti mwaka uo huo wakarejea nyumbani.

Yote hayo yalikuwa mema, na mtu mwungwana hawezi kuyataja ila kwa heshima. Walakini msiba huo unatufundisha tabia ya hisani. Hisani hutembea kwa macho. Mfupa uliovunjika huonekana katika picha, na dunia nzima huja kuuponya. Lakini tumfikirie mtoto wa darasa la sita katika shule yoyote iliyopata pigo la namna hiyo, ambaye kaka yake yumo katika majeneza yale, na ambaye Jumatatu nyingine lazima apande basi jingine aende kusoma. Yeye hana jeraha la kupiga picha. Hula, hulala, hujibu anapoitwa. Pengine alama zake hushuka, na pengine hazishuki. Tarehe 12 Aprili 2024, basi la wanafunzi lilisombwa na maji ya mafuriko katika jiji la Arusha, na watoto kadhaa wakafa. Tena tulilia, tukazika, na kengele za shule zikaendelea kugonga.

Tena hao ni wale ambao huzuni yao ilijulikana na taifa. Walio wengi zaidi hawana uwanja wala hotuba. Yuko mtoto wa Unga Limited aliyefiwa na mama katikati ya muhula. Yuko msichana wa bwenini asiyetaka likizo ifike kwa sababu ya mtu anayemngoja nyumbani. Yuko kijana wa kidato cha nne aliyebeba matumaini ya ukoo mzima wa mteremko wa Meru, ambako vihamba vimegawanywa kwa wana na wajukuu hata havigawanyiki tena, na elimu imekuwa ndiyo shamba pekee alilobakiziwa. Kwa hao hisani huchelewa, kwa kuwa haina cha kuona.

Mtu aweza kusema: watoto walihuzunika tangu zamani, na hapakuwa na fungu la serikali la kuwatuliza. Ni kweli. Waarusha na Wameru walikuwa na ukoo, rika na wazee. Kijana hakuingia utu uzima peke yake. Aliingia pamoja na wenziwe wa rika, na juu yao palikuwa na rika la wakubwa lenye wajibu wa kuwaongoza na kuwaonya. Malezi hayo hayakuwa makamilifu. Wako waliosahauliwa, na wasichana hasa walikuwa na machozi mengi ambayo hapakuwa na baraza la kuyasikiliza. Lakini jambo moja lilikuwa dhahiri: kila mtoto alikuwa na mtu aliyejulikana kuwa ni wajibu wake kumwuliza ana nini.

Shule ilikuja ikauchukua wakati wa malezi hayo. Wala haikuuchukua kwa kuomba. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 ilifanya kuandikishwa na kuhudhuria shule ya msingi kuwa lazima, na mzazi asiyemleta mtoto huweza kufikishwa mahakamani. Hapa ndipo hoja yangu inaposimama. Mtu akikuletea mali yake kwa hiari uitunze, una amana. Ukiichukua mali hiyo kwa nguvu ya sheria, amana yako ni nzito zaidi, maana mwenyewe hakupewa nafasi ya kukataa. Serikali imemchukua mtoto tangu alfajiri mpaka jioni, na katika mabweni usiku na mchana. Imewachukua na wakati ambao wazee wangemkalisha chini. Haiwezi kumpokea akili yake na kuuacha moyo wake langoni, kwani mtoto huja mzima.

Tazama sasa hesabu ilivyo. Waraka wa Elimu namba 5 wa mwaka 2015 uliondoa ada, na serikali ikawa inapeleka fedha shuleni kwa idadi ya wanafunzi. Kiwango kilichowekwa kwa shule ya msingi kilikuwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi mmoja kwa mwaka, na kwa sekondari shilingi 25,000. Na sehemu ya fedha hizo haikufika shuleni, bali ilizuiliwa kwa kununulia vitabu. Mwaka wa masomo una siku zipatazo 190. Shilingi 10,000 zikigawanywa kwa siku hizo, kila mtoto hupata zaidi kidogo ya shilingi 50 kwa siku, na katika hizo mna karatasi, chaki, mitihani, michezo na matengenezo ya majengo. Kuondoa ada lilikuwa tendo kubwa, na maelfu ya watoto waliingia shule kwa ajili yake. Lakini wahenga walisema: kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Kufungua lango ni mimba. Yanayofuata ndani ya lango ndiyo malezi.

Wala haisemwi kwamba serikali haikujua wajibu huu. Mwaka 2002 ulitoka Waraka wa Elimu namba 11 ulioziagiza shule zitoe huduma ya ushauri na unasihi. Mwaka huo huo ulitoka waraka mwingine, namba 24, juu ya adhabu ya viboko: visizidi vinne, na viandikwe katika kitabu maalumu. Tuziweke nyaraka hizi mbili ubavu kwa ubavu, tuone ni ipi iliyo rahisi kutimizwa. Kiboko hakihitaji fungu. Hukatwa katika mti wowote, na kazi yake humalizika kwa dakika moja. Unasihi huhitaji chumba chenye mlango unaofungika, mwalimu aliyefunzwa, na saa moja ambayo mwalimu huyo hadaiwi kipindi. Palipo na amri mbili, moja isiyo na gharama na nyingine isiyopewa fedha, hatuna haja ya kuuliza ni ipi itakayotawala katika shule yenye wanafunzi 1,000. Mwalimu mwema atafanya unasihi kwa wema wake, jioni, chini ya mti. Naye akihamishwa, unasihi umehamishwa.

Mwaka 2021 ulitoka Waraka namba 2 uliowaruhusu warudi shuleni wanafunzi waliokatiza masomo, wakiwamo wasichana waliojifungua. Haki kubwa ilitendeka. Lakini msichana yule anarudi akiwa ameacha mtoto mchanga nyumbani, na anakaa katikati ya wenzake wanaojua habari zake zote. Waraka humfikisha penye dawati. Ili aweze kukaa hapo mpaka mwisho wa mwaka, yapasa awepo mtu wa kumsikiliza.

Zipo hoja nzito dhidi ya haya, na si uungwana kuzipita. Ya kwanza ni umaskini. Nchi yenye madarasa yasiyotosha, wasema wengine, itengeje fedha kwa ajili ya huzuni? Naijibu hivi: deni halifutwi na umaskini wa mdaiwa. Umaskini huweza kumpa muda, au kumruhusu alipe kidogo kidogo. Haumruhusu kusema kwamba hadaiwi. Serikali inayosema “tunadaiwa, na mwaka huu tutalipa kiasi hiki” ni tofauti kabisa na inayosema “tutatoa ikipatikana”.

Hoja ya pili hutoka katika historia ya mji huu wenyewe. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilifundisha kwamba fedha si msingi wa maendeleo, bali ni tunda lake. Huruma, basi, itanunuliwaje kwa fungu la serikali? Kweli, huruma hainunuliwi. Mshahara haumfanyi mtu ampende mtoto wa mwenziwe. Lakini muda hununuliwa. Mwalimu mmoja mwenye watoto 90 mbele yake aweza kuwa na moyo wa dhahabu, na bado asijue ni yupi kati yao ambaye hakulala usiku. Fedha haziumbi huruma. Huipa nafasi ya kutenda kazi. Tena Azimio lilipotaja mambo ambayo maendeleo huyahitaji, lilianza na watu, ndipo ikafuata ardhi, siasa safi na uongozi bora. Kumtunza mtu ndani yake ni kuanzia pale pale lilipoanzia.

Hoja ya tatu ndiyo inayonitisha kuliko zote. Fedha hupenda kuhesabiwa. Shule ikilipwa kwa idadi ya watoto waliopatikana kuwa na ugonjwa wa akili, watapatikana wengi. Na katika nchi yetu, neno ugonjwa wa akili likimgusa mtu, majirani hufikiri Mirembe, ile hospitali ya Dodoma, na jina hilo humfuata mpaka siku ya posa. Mtoto anayemlilia mama yake si mgonjwa. Anafanya kazi ambayo kila mwana wa Adamu ataifanya, naye anahitaji mwenzi katika kazi hiyo. Walio wagonjwa kwa kweli wapelekwe kwa tabibu bila aibu. Kwa hiyo fedha hizi zitolewe kwa kila shule kama inavyotolewa chaki, bila kungoja orodha ya majina. Mwenye chaki haulizwi ni watoto wangapi wajinga.

Hatari ya kuita deni kwa jina la hisani imeonekana hata katika nchi tajiri. Marekani, baada ya watoto 19 na walimu wawili kuuawa kwa risasi katika shule moja mjini Uvalde, Texas, Mei 2022, ilitunga sheria mwezi uliofuata, na ndani yake mlikuwa na dola bilioni moja za kuongeza wanasihi na wanasaikolojia shuleni. Watu waliajiriwa, watoto wakawazoea. Aprili 2025 wizara ya elimu ya nchi ile ilitangaza kwamba haitaendeleza ruzuku hizo, na majimbo kadhaa yakakimbilia mahakamani. Nchi ile haikukosa fedha. Fungu lilitolewa kama zawadi ya wakati wa kilio, nayo zawadi huweza kusitishwa na mtoaji machozi yakikauka. Mtoto aliyekwisha kumweleza mtu siri yake, kisha mtu huyo akaondolewa, ameumizwa mara mbili. Na mara ya pili amefundishwa kwamba kusema ni bure.

Basi tulirudie neno letu. Mungu huruzuku kutoka katika hazina yake mwenyewe. Serikali haina hazina isiyokuwa ya watu: ushuru wa mama muuza ndizi wa Kilombero umo ndani yake, na kodi ya mwenye duka na ya mkulima pia. Fedha hizo zikirudi kwa mtoto wa mama yule katika sura ya mtu mwenye wasaa wa kumsikiliza, hakuna aliyeruzukiwa. Mzazi alitoa vitu viwili, mali yake na mwanawe, na vyote viwili aliviweka katika mikono ile ile. Amana hurudishwa kwa mwenyewe. Naye mwenyewe akija kuiulizia, asiambiwe kwamba hana shukrani.