Wakili Mbele ya Kadhi

Imetufikia barua kutoka Machakos, imeandikwa na mtu asiyekuwa wa dini yetu, Mkamba wa huko huko. Dada yake alisilimu alipoolewa na mmoja katika ndugu zetu wa pwani aliyekwenda bara kwa biashara, wakakaa miaka mingi, wakazaa. Sasa wamegombana. Mke asema kuwa ameachwa talaka tatu, kila moja kwa wakati wake. Mume aziungama mbili na kuikana ya tatu, na adai kuwa yungali mkewe. Kesi iko mbele ya kadhi. Mume ameshika wakili kutoka Nairobi. Mke alipotaka naye kushika wake, baadhi ya wazee wa msikitini walimwambia kuwa mwanamke Mwislamu hamburuti mumewe kwa mawakili, na kuwa mbele ya kadhi haendi mtu na ulimi wa kukodi, yamtosha kuwa Mungu ni shahidi. Ndugu yake atuuliza, kwa adabu iliyotutia haya: Je, ndivyo isemavyo dini yenu, kwamba mwanamume awe na msemaji na mwanamke asiwe naye?

Sivyo. Wala hatuandiki kwa kuwaponda wazee wale, kwani twajua wametoka wapi maneno hayo. Sisi watu wa pwani tumelelewa kuona kuwa mambo ya nyumbani yakitoka nje ya mlango ni fedheha. Mimi niandikaye nimewahi kumwambia mwanamke maneno kama hayo hayo, nikidhani namhifadhia sitara yake. Kumbe nalikuwa namhifadhia mumewe.

Kumwakilisha mtu katika madai ni jambo lililo wazi katika vitabu vya fiqhi, katika mlango wa wakala. Imepokewa kuwa Sayyidna Ali, naye ni nani kwa elimu na ufasaha, alikuwa hapendi kuhudhuria magomvi. Alimwakilisha ndugu yake Akil, na Akil alipokuwa mzee akamwakilisha Abdallah bin Jaafar, na sababu aliyoitoa ni kuwa magomvi yana mashimo yake na shetani huhudhuria hapo. Imam Shafi amesema kuwa mtu yuna haki ya kuweka wakili hata bila ya ridhaa ya khasimu wake. Aliyeshurutisha ridhaa hiyo ni Imam Abu Hanifa, ila kwa mgonjwa au msafiri na mfano wao, na wanafunzi wake wawili wakubwa hawakumfuata katika hilo. Basi wazee wa Machakos wanaosali Kishafii hawana mahali pa kuegemea. Na ajabu ni kuwa wamemkataza mke tu! Lau walimkataza na mume, tungesema ni rai yao katika mambo ya wakala.

Tena Khaula binti Thaalaba alimjadili Mtume (s.a.w.) mwenyewe juu ya mumewe, hata ikateremka sura iliyoitwa kwa mjadala wake. Hakuambiwa anyamaze kwa kuwa Mungu ni shahidi. Alisikizwa. (Na atakayetuambia kuwa Khaula hakuwa na wakili, tutamjibu: wala mumewe hakuwa na wakili kutoka Nairobi.)

Sasa tutazame hali ya mwanamke huyu khasa. Amezaliwa na kukulia Ukambani. Hajui istilahi za eda na rejea, na mumewe amezisikia tangu chuoni. Aambiwa alete mashahidi wawili wanaume Waislamu kuwa mume alitamka ya tatu, naye hana, kwani siku ile uani walikuwako mama yake na jirani, nao si Waislamu. Wazee wakamwambia: basi huna neno. Hapa ndipo inapodhihiri haja ya mwenye kujua. Sheria ya Mahakama za Kadhi ya mwaka 1967, katika kifungu chake cha 6, yasema kuwa ushahidi utafuata sheria ya Kiislamu, lakini ikatia masharti: kila shahidi asikizwe bila ya kubaguliwa kwa dini yake wala kwa kuwa ni mwanamume au mwanamke, na kadhi aamue jambo kwa kupima ukweli wa ushahidi wote, si kwa kuhesabu idadi ya mashahidi. Mama yake yule na jirani yake watasikizwa. Hakuna aliyemwambia haya, na wakili wa mume, ayajue asiyajue, si kazi yake kumwambia.

Kadhi naye si adui wa mtu. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 170, imempa mambo ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, pale wote wawili walipo Waislamu na wakaridhia mahakama yake. Asiyeridhika na hukumu ana rufani kwenye Mahakama Kuu, ambako Kadhi Mkuu au makadhi wawili huketi pamoja na jaji kumshauri. Lakini kadhi ni mwanadamu, huhukumu kwa alichokisikia.

Na hilo latupeleka kwenye jambo zito kuliko ruhusa ya wakala. Ummu Salama amepokea kuwa Mtume (s.a.w.) aliwatahadharisha waliomletea magomvi kuwa yeye ni mwanadamu, huenda mmoja akawa fasaha zaidi wa hoja kuliko mwenziwe akahukumiwa kwa aliyoyasikia; na atakayekatiwa haki ya ndugu yake kwa njia hiyo, amekatiwa kipande cha moto. Ikiwa Mtume mwenyewe amesema hivyo, kadhi wa Machakos au wa Mombasa atadai nini?

Basi tuseme wakili wa mume ni hodari, akawatatiza mama na jirani kwa maswali, mume akaapa, kadhi akaamua kuwa ndoa ingaliko. Ikiwa kweli alitamka ya tatu, hukumu ile haikumrudishia mke. Katika madhehebu yetu mwanamke ajuaye kwa yakini kuwa ameachwa tatu haimfalii kumpa mtu huyo nafsi yake, ingawa ana karatasi ya mahakama. Na mume kila amwendeapo, ajua amwendeavyo. Wala onyo hili si la mume peke yake. Mke akileta mashahidi wa uwongo kuwa ameachwa, kadhi akawatenga, Abu Hanifa amesema kuwa kutengana huko kumepita nje na ndani. Shafi na Malik na Ahmad wamesema kuwa hukupita ila kwa nje, na kwa Mwenyezi Mungu yungali mke wa mtu.

Wakili huchukua maneno yako, hachukui dhamiri yako. Mafakihi wetu wameliona hili hata wakasema kuwa wakili wa madai akikiri jambo juu ya aliyemtuma, kukiri kwake hakumfungi. Kukiri ni kwa mwenyewe.

Na wakili naye? Katika sura ya Annisaa, aya ya 105, Mtume (s.a.w.) amekatazwa asiwe mtetezi wa wenye khiyana, na katika aya ya 109 wameulizwa waliowatetea watu hao duniani, ni nani atakayewatetea Siku ya Kiyama na kuwa wakili wao. Wafasiri wametaja kuwa sababu yake ni watu waliomtetea jamaa yao mwizi wa deraya, hata akasingiziwa Myahudi asiyekuwa na makosa. Wakili aweza kumtaka mke athibitishe, na aweza kubainisha palipo na shaka. Lakini akiambiwa na mteja wake chumbani kuwa ya tatu aliitamka, kisha akamfundisha namna ya kuapa, huyo si wakili tena, ni mshirika.

Kwa huyo dada, twasema ashike wakili. Si lazima awe Mwislamu, maadamu ajua sheria ya mahakama hiyo na ni mkweli. Aulize kama ana cheti cha kazi cha mwaka huu, kwani mawakili hukichukua kila mwaka. Wapatane ujira mapema na uandikwe. Akiambiwa kuwa hatalipa kitu ila akishinda, ajihadhari, kwani sheria ya mawakili ya nchi hayatambui mapatano hayo. Na akiwa hana mali, iko Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016, na wako Kituo cha Sheria na FIDA, waliozoea kuwasaidia wasio na uwezo. Na Nairobi kutoka Machakos ni kiasi cha kilomita 60 tu.

Huyo ndugu tumemwandikia haya, na tumemtaka radhi kwa aliyoambiwa dada yake kwa jina la dini yetu. Mume tumempelekea salamu kwa mkono wa jamaa zake wa hapa: siku ya kesi amwache wakili wake akae kidogo, asimame yeye mwenyewe, na aulizwe mbele ya mama wa watoto wake ni mara ngapi alitamka.