Saini ya Nne



Wiki hii nilipanga kuwaandikia kuhusu ukarimu, mada ambayo nimeisomea na ningeimaliza kwa saa moja. Lakini kuna gitaa limekaa kichwani mwangu tangu mwaka jana, na nikiandika juu ya ukarimu bila kulitaja nitakuwa nawadanganya ninyi pia.

Nilikuwa kwenye mwaka wangu wa kichungaji parokiani, nimemaliza falsafa, najiona najua mambo. Mtoto mmoja wa jumuiya yetu alihitaji upasuaji wa moyo. Vijana wakaniuliza, "Frateri, tunafanyaje?" Nikawapa wazo ambalo si langu. Mwanamuziki Bryan Adams aliwahi kukusanya saini za wakubwa wa rock, akina Mick Jagger, Keith Richards, Eric Clapton na Paul McCartney, zote juu ya gitaa moja aina ya Stratocaster. Lengo lilikuwa kuwasaidia waathirika wa tsunami ya 26 Desemba 2004, ile iliyoua watu hadi kwenye pwani yetu ya Tanzania. Familia ya kifalme ya Qatar ililinunua kwa dola milioni 1, ikalirudisha liuzwe tena, na mwaka 2005 likauzwa Doha kwa dola milioni 2.7.

Msishangae hilo la kununua na kurudisha. Nani kati yetu hajaona mnada wa mavuno baada ya Misa? Jogoo wa shilingi 20,000 anauzwa 150,000, mzee aliyemnunua anasimama na kusema, "Namrudisha, auzwe tena," na akina mama wanapiga vigelegele. Doha walifanya ya kwetu, ila jogoo wao alikuwa na nyuzi sita.

Basi tukachukua gitaa la zamani la kwaya, lenye nyuzi tatu tu, tukaanza kuzunguka. Waimbaji watatu wa nyimbo za injili walisaini bila shida, mmoja akatuombea kabisa. Wa nne alikuwa kijana wa Bongo Fleva ambaye nyote mnamjua. Nilimsubiri nyuma ya ukumbi karibu saa tatu. Akatoka meneja wake, akachukua gitaa na kalamu, akaliweka juu ya boneti ya gari na kusaini mwenyewe, mbele ya macho yangu, saini ileile unayoiona kwenye mabango. "Zote huwa nasaini mimi, kaka. Nani atajua?"

Sikusema kitu. Nilisema asante.

Jumapili, mnadishaji alizitaja saini moja baada ya nyingine. Alipofika ya nne vijana walipiga kelele, bei ikapanda. Mzee mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi alishindana na jamaa mwingine hadi 1,200,000. Hela zikaenda hospitali. Mtoto alipasuliwa, na leo anakimbia.

Sasa niambieni kosa liko wapi. Kwa miezi kadhaa nilijitetea vizuri sana, na hapa ndipo shahada ya falsafa inapokuwa hatari. Nilijiambia kwamba wino ni wino. Hata Beatles, wasaidizi wao Neil Aspinall na Mal Evans waliwahi kuwasainia mashabiki kwa niaba yao, na dunia haikuanguka. Nilijiambia pia kwamba yule mzee alikuwa anatoa sadaka, gitaa lilikuwa jogoo tu.

Utetezi wa kwanza ulivunjwa na pikipiki. Papa Fransisko alipewa Harley-Davidson, akaandika jina lake kwenye tangi, na mwaka 2014 ikauzwa Paris kwa euro 241,500 kwa ajili ya maskini wa Roma. Wataalamu walikuwa wameikadiria euro 12,000 hadi 15,000. Pikipiki ilikuwa ileile. Kilicholipiwa ni kwamba mkono wa mtu yule ulipita pale. Ukiondoa mkono, umeondoa karibu kila kitu kilichouzwa. (Na msichanganye na masalia ya watakatifu, hayo Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1190, inakataza kabisa kuyauza.)

Utetezi wa jogoo ulichukua muda zaidi, kwa sababu una ukweli ndani yake. Lakini kwenye mnada wa jogoo kila mtu anajua kwamba jogoo hana thamani ile. Muuzaji anajua, mnunuzi anajua, hata watoto wanajua, ndiyo maana tunacheka. Hakuna aliyefichwa kitu. Mimi nilikuwa na jambo najua na mzee halijui. Na kama kweli niliamini angetoa zile hela vyovyote vile, mbona sikumwambia kabla bei haijapanda? Niliogopa jibu. Anayeogopa jibu tayari analo.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino anauliza kama mtu anaweza kutoa sadaka kwa mali aliyoipata vibaya. Kwa mali ambayo unapaswa kumrudishia uliyemchukulia, jibu lake ni hapana: mrudishie mwenyewe. Nilikuwa nimelijibu swali hilo kwenye mtihani, tena kwa alama nzuri tu.

Nilipomweleza paroko, hakunipa hotuba. Alisema, "Nenda kabla hujaungama au baada ya kuungama. Lakini nenda."

Nikaenda. Nilimkuta mzee dukani anahesabu misumari. Nikamwamkia, nikamweleza yote nikiwa nimesimama. Alikaa kimya, kisha akauliza, "Hela zilimfikia mtoto?" Nikasema ndiyo. Nilidhani yameisha, hata nikaanza kushusha pumzi.

"Frateri," akasema, "ningetaka kumsaidia mtoto tu, ningekupa bahasha. Binti yangu yuko bweni, anampenda sana yule kijana. Nimemwekea lile gitaa kwa siku ya kumaliza kidato cha nne."

Sikuwa na la kusema. Nilikuwa nimempangia sababu zake za kutoa, tena zile zilizonifaa mimi.

Nilimwahidi kumtafuta mwanamuziki mwenyewe, na kama nikishindwa, nimrudishie kidogokidogo sehemu ya hela atakayoitaja yeye. Hakutaja. Aliinuka, akaingia chumba cha nyuma, nikasikia kabati likifunguliwa na kufungwa.

"Mtihani ni Novemba," alisema aliporudi, akaendelea kuhesabu misumari.